Mama Mkwe Nyuma ya Vijiti

Maofisa uhamiaji wa nchi nyingi wameniuliza kazi yangu, na sijapata kumwona hata mmoja aliyeridhika na jibu. Nasema natoka Mtwara, narusha mpira. Wa miguu? Hapana, wa kriketi. Hapo ofisa anaitazama pasi, ananitazama mimi, kisha anamwita mwenzake aje asikie. Nairobi walicheka mpaka foleni nzima ikacheka. Colombo waliniambia niwaonyeshe papo hapo, na mimi kwa kuwa sipendi kubishana na watu wenye mihuri, niliweka begi chini nikakimbia hatua chache na kuzungusha mkono katikati ya abiria. Walipiga makofi, wakanigongea muhuri.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kuna mtu amesimama na ubao wa kupigia mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Yeye anavilinda, wewe unavitaka. Unakimbia kutoka mbali, unafika kwenye mstari, unaruka, unauzungusha mkono ulionyooka juu ya bega na kuuachia mpira, ambao ni mgumu na ukimpata mtu mbavuni atakukumbuka. Wapo warushaji wanaokwenda polepole na kutegemea ujanja wa vidole. Mimi ujanja sina na sijautafuta. Nina kasi, na kasi hiyo imenifikisha Windhoek, Kampala, nchi za Ghuba ambako mchana hakuna anayethubutu kutoka nje, na mji mmoja mdogo wa kaskazini mwa Uingereza ambako mvua inanyesha kana kwamba inalipwa mshahara.

Sharti kubwa ni kwamba kiwiko kisikunjwe. Kwa mtoto wa Mtwara hilo ni tatizo, maana sisi tumekua tukiwatupia mawe ngedere kwenye mashamba ya muhogo, na jiwe halitupwi kwa mkono ulionyooka. Nilipopelekwa kwa baba mdogo Dar es Salaam kusoma sekondari, mwalimu wa michezo aliniona nikirusha mara moja tu akaniuliza kama ninawinda. Ilinichukua muda kuuzoeza mkono adabu. Baada ya hapo hakuna aliyenishika.

Maisha yalijipanga vizuri. Msimu wa Uingereza unaanza mwezi wa nne na kuisha wa tisa, na mwezi wa tisa ndipo korosho zinapoanza kudondoka. Nilikuwa nashuka kwenye ndege, nasalimia, na kesho yake nimeinama chini ya mikorosho ya mama yangu kule Msimbati, nikiokota korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo. Shangazi zangu walikuwa wakisema nimenenepa. Nilikuwa najibu kwamba hiyo ni misuli, nao walikuwa wakicheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Kisha mgongo ukavunjika. Sikuanguka wala sikugongwa. Siku moja, katikati ya msimu, niliruka kurusha mpira kama nilivyoruka maelfu ya mara, na nilipotua nikasikia kitu kimeachia chini ya mgongo. Daktari alisema mfupa umepata ufa, ugonjwa wa kawaida wa warushaji wa kasi. Alilisema neno kawaida kwa upole sana, nami nilitamani kumtupia kiti. Nikarudi nyumbani kwetu Ufukoni, Mtwara mjini, nikiwa nimefungwa mkanda mpana tumboni, na mwaka mzima uliofuata nilikuwa mtu wa kulala sakafuni, kunyoosha miguu, na kumkera mke wangu aliyekuwa akijaribu kushona nguo za watu kwa cherehani yake barazani.

Mfupa uliunga. Lakini kilabu hakimlipi mtu kwa sababu anasema amepona, hasa mtu wa umri wangu mwenye kazi ya vijana. Kocha aliniandikia kwa uungwana kwamba mkataba hautafufuliwa mpaka yeye mwenyewe anione nikirusha kwa kasi yangu ya zamani, kwa mbio zangu zote, kwa macho yake. Nilikuwa najua maana yake. Hakukuwa na kilabu kingine kilichokuwa kikinisubiri. Akiona mtu anayeogopa mgongo wake, nimestaafu, na nilikuwa sijui kufanya kitu kingine chochote duniani kwa kiwango ambacho watu wangenilipa. Niliogopa kwelikweli. Usingizi ulinipotea, na hamu ya kula pia, jambo lililowafurahisha shangazi zangu.

Bahati ilikuja kwa njia ya mto. Binti wa kocha alikuwa akifanya kazi Msumbiji, upande wa kaskazini, na mwezi wa kumi na moja mzee alikwenda kumtembelea. Akanitumia ujumbe kwamba badala ya kurudi kwao moja kwa moja, atavuka Ruvuma, alale Mtwara, anione nikirusha, na aondoke kwa ndege ya alfajiri ya siku itakayofuata. Nimwandalie mechi ya kweli yenye wapigaji wa kweli. Nikakimbilia kwa wenye maduka wa mjini, ambao kila Jumamosi hutandika mkeka wa katani uwanjani na kucheza na mainjinia wa gesi kutoka Msimbati. Nahodha wao, mzee mwenye duka la vipuri vya pikipiki, alifurahi kama anayeoza binti. Alisema atapaka chokaa mistari yote upya.

Hapa lazima nimlete mama mkwe, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi.

Mke wangu ni wa vijiji vya karibu na Kilambo, penye kivuko cha Ruvuma, wa ukoo uliovuka mto zamani kutoka Msumbiji na kubaki upande huu kulima. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia na kusimama pembeni mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua mbili kutoka kila mmoja. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima tu, na ni heshima nzito. Kwetu Msimbati mambo hayo yamelegea siku nyingi. Mume wa dada yangu anabishana na mama yetu kuhusu mpira wa miguu mpaka majirani wanafunga madirisha. Lakini ukweni ni ukweni. Miaka yote ya ndoa yetu nimemjua mama mkwe kwa kanga zake na kwa sauti yake. Akija Ufukoni kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa jikoni.

Na nampenda sana. Nilipokuwa nimelala na mgongo wangu, kila lililotoka kwake lilikuwa zuri: unga wa muhogo, chupa ya asali, na ujumbe kupitia kwa binti yake kwamba mwenzio asiinue ndoo. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua. Baba yake mzazi, alipokuwa kijana, alikwenda machimbo ya Afrika Kusini kama wanaume wengi wa ng'ambo ile. Alikuwa akiondoka mzima, anarudi na zawadi, anaondoka tena, mpaka safari aliyorudi na kifua kibovu na hakuondoka tena. Sasa mama mkwe alikuwa akiniona mimi: naondoka mzima, narudi na zawadi, halafu safari moja nimerudi nimefungwa mkanda. Majirani walikuwa wakimwambia mkwe wake anacheza mpira. Hakuamini. Mtu mzima hawezi kuvunjika mgongo kwa kucheza. Aliamini nachimba na ninaona haya kusema.

"Mama anauliza ni shimo la nini," mke wangu aliniambia usiku mmoja. "Dhahabu au makaa."

"Mwambie hakuna shimo."

"Nimemwambia. Anasema hata baba yake alikuwa anasema hivyohivyo."

Siku ya kumpokea kocha, nilikwenda Kilambo na mke wangu kwa pikapu ya kuazima. Maji yalikuwa machache, kivuko kimekwama, kwa hiyo mzee alivushwa kwa boti na kushuka kwenye mchanga huku suruali ameikunja mpaka magotini na masikio yake yamekuwa mekundu kwa jua. Nilitaka tuelekee mjini moja kwa moja. Mke wangu alinitazama.

"Upite kwetu bila kuingia? Na mgeni?"

Tukaingia. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikakaa ubavuni mwa nyumba, nikaelekea kwenye korosho zilizoanikwa, huku nimeipa kona mgongo. Kocha, ambaye hakuambiwa lolote, alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilisikia wanawake wote wa pale nyumbani wakicheka. Mgeni si mkwe, ana ruhusa yake.

"Huyu ndiye bosi wake?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiye, mama," alisema mke wangu.

"Nnulize basi. Nkwe wangu anafanya kazi gani huko?"

Kiingereza cha mke wangu ni cha dukani. Ikabidi mimi nitafsiri, na siwezi kuonekana. Kwa hiyo maneno yalitoka kwa kocha, yakanifikia nyuma ya kona, nikamwambia mke wangu, yeye akamwambia mama yake, na majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Kocha alidhani nimepatwa na aibu kwa sababu ya sifa. Alisema mimi ni mmoja wa warushaji wenye kasi kubwa aliowahi kuwafundisha, kwamba kesho atajua kama kasi ipo bado, na kwamba ikiwa mama ana shaka, basi aje kesho aone mwenyewe.

Nilisita. Ningeweza kutafsiri kitu kingine, na kweli kilinijia kichwani kitu kuhusu hali ya hewa. Lakini mke wangu neno kesho alilijua kwa Kiingereza, na alikuwa ameshalidaka.

Katikati ya msimu wa korosho hakuna mwanamke wa Kilambo anayeacha shamba kwenda mjini kutazama kitu. Korosho zikibaki chini, mvua ya kwanza inaziharibu.

"Nitakuja," alisema mama mkwe. "Nikaone kwa macho yangu."

Jumamosi kulikuwa na jua kali lisilo na huruma. Uwanja wetu una miarobaini upande huu na upande ule, nyuma ya ncha mbili za mkeka, na pembeni kote hakuna kivuli hata cha kumtosha kuku. Kocha alisimama pembeni kwenye jua, kofia kichwani, dafu mkononi. Mama mkwe alifika na mke wangu, amejifunga kanga nyekundu na nyeupe, mpya kabisa. Nahodha alipoambiwa huyu ni mama mkwe wa mrushaji, alitupa kila alichoshika. Aliita kiti, akakifuta kwa leso yake, na akamweka mgeni mahali pa heshima kuliko pote. Kwa watu wa kriketi hapo ni mahali pamoja tu: nyuma ya vijiti, chini ya mwarobaini, kwenye mstari mnyoofu na mrushaji, ambapo mtu anauona mpira ukija.

Mimi nilikuwa upande wa pili, napima hatua zangu, sina habari.

Nikageuka, nikaanza kukimbia. Mbio zangu ni ndefu na kwa kawaida sioni kitu kingine ila kijiti cha katikati. Safari hii juu ya kijiti cha katikati kulikuwa na kanga nyekundu na nyeupe. Miguu ilikataa. Sikuiamuru, ilikataa yenyewe. Nilipita pembeni ya mwamuzi na mpira wangu mkononi nikasimama kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

"Vipi?" aliuliza mwamuzi.

"Hatua zimekosana."

Nikarudi, nikaanza tena. Nilijiambia huyu ni mtazamaji kama watazamaji wengine. Lakini hata yeye alikuwa akitii adabu yake. Alipoona mkwe wake anamjia kwa kasi, uso kwa uso, alifanya anachofanya njiani: aliinuka, akajifunika kanga usoni, akasogea pembeni anipishe. Nikaona hayo yote nikiwa hewani. Mpira ulikwenda kuwatafuta mbuzi waliokuwa wakila majani nje ya mstari. Mara ya tatu niliamua kurusha huku nimegeuza uso pembeni, jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Mpira ulidunda, ukampita mpigaji, ukampita mdakaji aliyeinama nyuma ya vijiti, ukabiringika polepole mpaka miguuni pa mama mkwe. Nilitamani ardhi ya Mtwara inipokee.

Mpigaji, injinia kijana kutoka India aliyekuwa amekuja kwa hamu ya kupimana na mchezaji wa kulipwa, alikuwa akinitazama kwa huruma. Hiyo iliniuma zaidi.

Ova, yaani zamu yangu ya mipira sita, ilipokwisha kocha alinisogelea. "Mgongo?"

"Mgongo mzima."

"Mbona unakimbia kama mtu anayeogopa kuumia?"

"Ni mama mkwe," nikasema.

Alimtazama kule mbali, kisha akanitazama mimi. "Amekaa vizuri kabisa," alisema.

Nikamwomba nahodha anibadilishie upande, nirushe nikitokea aliko mama mkwe, ili macho yangu yaelekee kwingine. Ilikuwa akili, mpaka nilipotambua kwamba mwanzo wa mbio zangu ni hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake. Kila nikimaliza kurusha inabidi nirudi kuanza upya, na kurudi ni kumwendea. Nilirudi kiubavuubavu, natazama mawingu ambayo hayakuwepo. Yeye naye, kila nikikaribia, anainuka kunipisha, na kila nikianza kukimbia, anarudi kukaa. Mpigaji anapoona kitu kinatembea nyuma ya mkono wa mrushaji ana haki ya kuinua mkono na kukataa mpira. Injinia aliinua mkono. Akauinua tena. Nahodha alikimbia na mwavuli wa dukani kwake ili mgeni asogezwe pembeni, upepo ukaugeuza ndani nje, na kumweka mama mtu mzima juani mwezi wa kumi na moja hakuna ambaye angethubutu.

Tukasimama kunywa maji. Kocha alikuja, safari hii bila dafu, akazungumza taratibu kama mtu anayefikisha habari ya msiba.

"Naondoka alfajiri. Siwezi kuwaambia wenzangu nimeona kitu ambacho sijakiona."

"Nimekuelewa."

"Nilikuja kwa sababu nakutaka," alisema. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikaenda kukaa pembeni, mke wangu akanifuata akakaa karibu nami. Nikamwambia, "Mwambie mama," halafu nikashindwa kumalizia. Nimwambie nini? Aondoke? Mwanamke ameacha korosho zake chini, amevaa kanga mpya, amekuja kuhakikisha mume wa binti yake hazikwi shimoni, mimi nimfukuze uwanjani kwa sababu ananiharibia kazi? Hayo hayasemwi ukweni, hata kwa kupitia mtu wa tatu.

"Nimwambie nini?" mke wangu aliuliza.

"Usimwambie kitu. Basi. Imekwisha."

Nilimaanisha. Nilikaa pale nikijua kwamba nimestaafu, kwamba nimestaafu kwa sababu ya adabu, na kwamba hakuna kilabu duniani kitakachoelewa. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na kocha, na nahodha na heshima zake, na miarobaini. Mama mkwe sikumkasirikia hata kidogo, na hilo lilinikera vilevile.

Mke wangu aliinuka akaenda kwa mama yake. Hakuniuliza. Niliwaona kwa mbali, wakiongea, na mengi ya maneno yale nilisimuliwa baadaye.

"Mama, ukimtazama hawezi kufanya kazi. Na yule mzungu asipomwona leo, hatamchukua tena."

"Kumbe nimekaa njiani kwake."

"Ndiyo, mama."

"Sasa si ungesema tangu mwanzo, weye."

Mama mkwe aliinuka. Nikadhani anaondoka. Badala yake alikishika kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakigeuza, kikaelekea barabarani, kwenye ukuta wa nyumba ya mtu na tangazo la simu lililofifia. Akakaa. Akavuta kanga mpaka kichwani. Uwanja mzima sasa ulikuwa nyuma yake. Nahodha alikimbia mbio amweleze kwamba mgeni, mchezo uko huku, naye alimpungia mkono bila kugeuka.

"Niache, mwanangu. Nasikia vizuri."

Nilirudi upande wangu wa kwanza. Niligeuka, nikautafuta kijiti cha katikati, na juu yake nikaona mgongo. Mgongo wa mtu aliyetoka mbali kuja kuona, na ambaye hataona.

Nikakimbia. Sijui namna ya kuielezea furaha ile kwa mtu ambaye hajakaa mwaka sakafuni. Miguu ilikuja yote, mmoja baada ya mwingine, na ardhi ngumu ya Mtwara ilikuwa ikinijibu. Niliruka bila kuuwaza mgongo wangu, na nilipotua hakuna kilichoachia. Mpira wa kwanza injinia hakuuona. Wa pili aliuona ulipokwishapita. Akasogea nyuma kidogo, na mtu akisogea nyuma mbele yangu najua nimempata. Wa tatu uliingia chini ya ubao wake na kukipiga kijiti cha katikati, kikang'oka, kikapinduka hewani mara kadhaa na kuanguka karibu na mdakaji. Wenye maduka walipiga kelele ya kusikika bandarini. Nahodha alikumbatiana na mwamuzi, jambo ambalo haliruhusiwi. Kocha alikuwa ameivua kofia yake.

Mama mkwe hakugeuka. Kelele zote zile, na kanga ile haikutikisika.

Nilirusha mpaka kocha akaniashiria niache. Alikuja akanigonga begani mara moja.

"Mwezi wa nne," alisema. "Beba sweta."

Nilicheka, halafu nikaona nalia, kwa hiyo nikajifanya najifuta jasho kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa. Kisha nikaenda kwenye mwarobaini. Nilikaa upande mmoja wa shina, mama mkwe yuko upande wa pili, na mke wangu akasimama katikati yetu, kama kawaida yake.

"Nnulize nwenzio," alisema mama mkwe, "ile iliyolia kama kuni ilikuwa nini?"

"Kijiti, mama," alisema mke wangu. Nilimnong'oneza, akaongeza, "Kimeng'oka."

"Hicho ndicho anachokitaka?"

"Ndicho."

"Na wanamlipa?"

"Wanamlipa."

Nilisikia akikunja pindo la kanga, akilikunjua.

"Mwambie nimesikia miguu," alisema. "Baba yangu alipotoka shimoni alikuwa hawezi kukimbia hata mvua ikimjia. Mwambie nimeamini. Aende kazini."

Mke wangu akanigeukia anifikishie, kwa sababu ndivyo ilivyo, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. Nikamwambia amjibu mama kwamba nimeshukuru. Alimjibu. Jioni ileile mama mkwe alirudi Kilambo kuziwahi korosho zake.

Mwezi wa nne nilikwenda, na sweta, na nimeendelea kwenda. Mwaka huu mtu mmoja wa kilabu alinirekodi video kwa simu akiwa amesimama nyuma ya vijiti, nami nikamtumia mke wangu. Akaipeleka Kilambo, akiamini sasa mama atapata kuona alichokifuata siku ile, maana mimi nilikuwa ng'ambo ya bahari na simu si mtu. Kwenye picha ile natokea mbali, mdogo, halafu nakua, nakuja moja kwa moja. Mama mkwe alitazama kidogo tu. Kisha akajifunika kanga na kuisukuma simu pembeni.

"Ntoe huyo," alisema. "Ananijia."

Mke wangu akataka kuizima.

"Usizime. Ongeza sauti."

Akaipokea simu, akaigeuza, kioo kikaelekea nje, akaiweka sikioni chini ya kanga yake. Mke wangu anasema alikaa hivyo mpaka ikaisha, akaomba irudiwe, akafumba macho kuisikiliza miguu yangu ikija.